Skrini ya Tatu ya Kwihara

Mdogo wangu Theodora hapendi niisimulie habari hii. Nimemwahidi nitaisimulia mara moja tu, kama ilivyokuwa, kisha ninyamaze. Mimi ni Mektilda, muuza asali wa Isevya, hapa Tabora mjini. Sehemu kubwa ya haya niliiona kwa macho yangu, mchana kweupe, jua likiwaka.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita, msimu ambao asubuhi ya Tabora ina upepo wa baridi na watu hutembea wamejikunyata ndani ya masweta mpaka saa nne. Nilikuwa uani nachuja asali. Theodora alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta yake, kikombe cha uji kando, miguu kaikunja juu ya kiti. Yeye ndiye aliyesoma kwetu. Alikuwa ametengeneza programu ya kuendesha kompyuta iliyo mbali: wewe umekaa Isevya, unaiona kompyuta ya mtu aliyeko Nzega, unasogeza kipanya hapa na mshale unasogea kule. Wenye mashine na maduka walimtumia sana, maana aliwatengenezea mambo yao bila kupanda basi.

Siku hiyo alikuwa na kazi ya Adinani, mwenye kiwanda cha kukamua alizeti kule Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo pwani. Kompyuta ya kiwanda ilikuwa na skrini mbili, moja ya mizani, nyingine ya kuendeshea mtambo. Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Theodora akibofya kwenye skrini ya pili, mbofyo unaangukia ya kwanza.

"Kipanya kinasema tu 'nimebofya hapa,'" aliniambia nilipoingia kuchukua chupa. "Hakisemi ni hapa kwenye skrini ipi. Kwa hiyo nimezipa skrini namba. Kuanzia leo kila mbofyo utakwenda na namba ya skrini yake."

Akampigia Festo, fundi mitambo wa Adinani, simu akaiweka kwenye spika. Festo tulimfahamu. Alikuwa akinunua asali kwangu kwa ajili ya kifua cha mkewe.

"Mwangaluka, dada zangu," alitusalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, Festo. Hapo mna skrini ngapi?"

"Mbili."

"Hebu hakikisha. Kwangu zinakuja namba tatu."

Tulimsikia akiburuta kiti, akiinama, akihema. "Mbili tu, dada. Hata waya wa tatu haupo."

Theodora akaguna. Alidhani ni namba ya skrini iliyowahi kuchomekwa zamani ikang'olewa. Akaifungua ile ya tatu aone.

Skrini yake ikawa na rangi ya udongo.

Ulikuwa ua mpana, unaonekana kutoka juu, kama vile mtu amesimama juu ya paa la tembe anatazama chini. Katikati ya ua walisimama watu kwa mstari. Kila mmoja alikuwa na mzigo begani na pete ya chuma shingoni, na pete zote zimeunganishwa kwa mnyororo mmoja. Niliwahesabu. Kumi na mmoja. Nyuma ya yule wa mwisho mnyororo uliendelea hatua moja, ukaishia kwenye pete iliyokuwa wazi, haina mtu.

"Ni filamu?" niliuliza.

"Sijui." Akasogeza kipanya.

Vichwa vyote kumi na kimoja viligeuka kuufuata mshale.

"Ngoja nione kama mbofyo unafika," Theodora alisema, lakini kwa sauti ndogo. Akabofya juu ya mgongo wa yule wa mbele. Mtu yule hakutikisika. Kwenye simu ndiko tulikosikia kitu. Mlio kama wa nguo mbichi ikipigwa juu ya jiwe.

"Aa! Nani huyo?" Festo alifoka.

"Festo, vipi?"

"Kuna mtu kanipi—"

Theodora alishtuka, na mtu akishtuka hukaza mkono. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kipanya. Alibofya mara mbili zaidi, bila kukusudia, tena kwa nguvu.

Sauti iliyotoka kwenye simu ile sitaki kuieleza. Nyuma yake tulisikia mtambo ukiwaka wenyewe. Na kwenye skrini, wale watu wakaanza kutembea.

*

Festo tulimkuta hospitali saa saba mchana, amelazwa kifudifudi. Koti lake la kazi lilikuwa limetundikwa kwenye kona ya kitanda. Nililishika, nikaligeuza ndani na nje. Halikuchanika hata uzi. Lakini mgongo wake ulikuwa umefunguka mara tatu, kutoka begani mpaka kiunoni, na kwenye jeraha la katikati mfupa ulionekana, mweupe, unapanda na kushuka kila alipovuta pumzi.

Alimwashiria Theodora ainame.

"Ulibofya mara ngapi?"

"Mara tatu," Theodora alinong'ona.

Festo akafumba macho. Akatuambia, maneno machache machache, huku akipumzika. Walipochimba msingi wa kiwanda walikuta mifupa ya watu kumi na mmoja, shingo zao zimo ndani ya chuma. Wapagazi wa biashara ya zamani ya watumwa na pembe, waliokufa njiani wakatupwa humo. Watu wa Kwihara walitaka wazikwe. Adinani alikataa. Alileta mganga kutoka mbali, mtu aliyejifunika uso muda wote, na mifupa ikarudishwa chini ya sakafu, chini kabisa ya mtambo, pamoja na chuma chake.

"Tulikuwa wafanyakazi tisa," Festo alisema. "Akatupunguza mmoja mmoja, nikabaki peke yangu. Mafuta yanatoka. Umeme ukikatika, yanatoka. Ni wao wanaosukuma."

"Misukule?" niliuliza.

"Ndiyo, dada. Lakini walikuwa wazito, wanakwenda na kusimama. Mganga alimwambia mbele yangu: wapagazi hawaendi bila mnyapara. Mtafute mnyapara." Akamtazama mdogo wangu. "Wafu hawaumii. Fimbo ikipigwa kwao inawapita, inamshukia aliye hai karibu yao. Theodora, usiishike tena ile kitu."

Alikufa kesho yake alfajiri. Mkewe alitupigia simu akilia na kukohoa. Theodora aliniachia ile simu mkononi, akatoka uani.

*

Aliporudi ndani aliifuta ile namba tatu. Ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi huku anaiangalia. Akafuta programu nzima, kazi yake ya miaka miwili. Alipowasha kompyuta upya programu ilikuwepo, na ndani yake hapakuwa na namba ya kwanza wala ya pili. Ilikuwepo ya tatu tu.

Akachomoa kipanya, akaifunika kompyuta kwa khanga, akaketi sakafuni akiwa ameukalia mkono wake wa kulia.

"Nimeua mtu, dada."

"Hukujua."

"Nimemuua. Kidole ni changu."

Niliketi sakafuni kando yake.

Alhamisi, yapata saa nne asubuhi, Adinani alibisha hodi. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu, kanzu safi, koti juu yake. Theodora alimwamkia shikamoo kwa mazoea tu. "Marahaba, mwanangu," akajibu, akaingia, akaufunga mlango nyuma yake, akazungusha ufunguo na kuutia mfukoni.

"Jumanne ulipobofya," alisema, "mtambo ulikamua magunia arobaini. Peke yake, mpaka magharibi. Tangu hapo umelala. Nimekuja unisaidie."

"Festo amekufa," Theodora alisema.

"Mungu amrehemu. Nimeweka mwingine."

Alisema hivyo kama mtu aliyebadilisha balbu. Akatoa simu, akaiweka kwenye spika, akaiegesha mezani. "Umesimama karibu na mtambo?"

"Nipo hapa hapa, bosi," sauti ikajibu.

Niliitambua. Alikuwa Valentino, fundi wa mizinga ya nyuki, mtu aliyenichongea mizinga tangu nilipoanza kazi hii. Ana watoto sita.

"Valentino, kimbia!" nilipiga kelele. "Toka humo!"

Adinani alinipiga kofi la mdomo kwa nyuma ya mkono, pete yake ikanipasua. Valentino kule aliuliza, "Bosi? Nani huyo?" na Adinani akamjibu kwa utulivu, "Wanawake wanagombana. Kaa hapo hapo, usiondoke." Nilichukua mwiko wa kukorogea asali nikamrukia. Alinishika mkono, akakishika kidole changu cha shahada, akakikunja kwenda nyuma. Nilikisikia kikikatika kama kijiti. Nilipiga magoti. Alipochomoa mkono ndani ya koti, ulikuwa na sime.

Makali yaliligusa koo langu. Yalikuwa ya baridi.

"Chomeka kipanya," akamwambia mdogo wangu.

Theodora hakusogea.

Adinani akavuta sime kidogo. Kidogo tu. Nilihisi joto likitiririka kifuani, likiingia ndani ya nguo.

"Nitamchinja hapa, mbele yako."

Akachomeka. Akaivua khanga ile kompyuta. Hakuiwasha, ilikuwa tayari inawaka. Ua wa udongo ulikuwepo, na watu kumi na mmoja wamesimama, vichwa vimegeuzwa juu, wanatutazama. Wanasubiri.

"Bofya."

"Nitamuumiza Valentino."

"Bofya!"

Mshale ulianza kusogea. Niliuona ukipita juu ya mtu wa kwanza. Wa pili. Wa tano. Theodora alikuwa akilia bila sauti. Sime ikasogea tena. Mshale ukaharakisha, ukapita wa tisa, wa kumi, ukampita wa mwisho. Ukafika kwenye ile pete iliyokuwa wazi.

Baadaye alinieleza. Alitafuta tu mahali pasipo na mtu.

Akabofya.

Mlio tuliousikia haukutoka kwenye simu. Ulitoka nyuma ya kichwa changu. Chuma kikijifunga.

Sime ikaanguka. Niligeuka. Adinani alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili, na katikati ya mikono yake ngozi ilikuwa imebonyea, pande zote, upana wa vidole vinne. Hapakuwa na kitu. Kamba hapana, mkono hapana. Macho yalikuwa yanamtoka. Alijaribu kusema neno, pengine shahada, pengine jina la mkewe.

Kisha akavutwa.

Alivutwa kwenda ukuta wa mashariki, visigino vikikwaruza sakafu. Ukuta haukuwa na mlango. Alijipiga hapo kwa uso. Akarudi nyuma hatua moja, kama ng'ombe anayefungwa kwenye mkokoteni, akavutwa tena. Ukuta. Akavutwa tena. Meno yalidondoka. Theodora alimkimbilia, akamshika kiunoni, mdogo wangu huyo huyo, akajaribu kumzuia, na wote wawili wakaburutwa. Nilimshika Theodora miguu kwa mkono wangu mzima. Tulikuwa watu watatu dhidi ya kile kilichokuwa upande wa pili, na kilituvuta kama watoto.

Pigo la sita. La saba. Chokaa nyeupe ilikuwa nyekundu.

Halafu kikaacha.

Adinani aliteleza chini taratibu, akaketi, kidevu kikaangukia kifuani. Mkono wake mmoja ulikuwa bado shingoni.

Nilitazama kompyuta kwa sababu nilisikia miguu, miguu mingi ikiburuta mchanga. Mstari ulikuwa unaondoka uani. Nilihesabu. Kumi na wawili. Wa mwisho alikuwa na kanzu, na mzigo mkubwa ulikuwa umekwisha kuwekwa begani mwake. Hakugeuka. Vumbi liliwafunika, skrini ikawa nyeusi.

"Bosi?" Valentino aliita kwenye simu. "Bosi, mtambo umezimika. Na hapa chini panatoka upepo."

"Nenda nyumbani, Valentino," nilimwambia. "Nenda kwa watoto wako."

*

Polisi walitushikilia siku mbili. Walikuta mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo mfukoni mwa marehemu, sime yake sakafuni, koo langu limechanjwa na kidole changu kimevunjika. Wakapima shingo ya Adinani. Mkono wa mtu hauachi alama ya namna ile, wala kamba haiachi. Tuliachiwa. Faili naambiwa halijafungwa, na kila baada ya muda Theodora huitwa kuulizwa maswali yale yale, naye hujibu majibu yale yale.

Watu wa Kwihara hawakusubiri mtu. Siku ya tatu walivunja sakafu ya kiwanda kwa nyundo na mitaimbo, sheikh yupo, katekista yupo, sanda za kuwazikia wale wapagazi zimekwisha kushonwa. Valentino alikuwa miongoni mwa waliochimba. Chini ya mtambo walikuta mashimo kumi na moja, marefu kama mtu aliyelala, matupu. Chuma hakikuwepo. Mfupa haukuwepo hata mmoja. Walisoma dua juu ya mashimo matupu, wakayafukia, wakazika na zile sanda.

Theodora yuko kwangu. Anachuja asali, anakwenda na Valentino porini kukagua mizinga. Kompyuta hatuna. Kwa mke wa Festo anakwenda kila Jumapili baada ya misa. Mara ya kwanza alimweleza yote, neno kwa neno, akiwa amepiga magoti. Yule mama akamwambia ainuke, uji unapoa. Tangu hapo hawajalizungumza tena.

Jambo moja Theodora halijui, na ndilo linalonisumbua.

Siku ya arobaini ya Adinani, Amne, mjane wake, alikuja nyumbani peke yake. Nilidhani amekuja kututukana. Aliketi, akakataa chai, akafungua fundo la mtandio wake.

"Mimi ndiye niliyemuosha mume wangu," alisema. "Soksi nilimvua kwa mikono yangu, Mektilda. Soksi zilikuwa safi."

Ndani ya zile soksi, aliniambia, miguu haikuwa ya mume aliyemjua. Kucha zilikuwa zimeng'oka zote. Nyayo zilikuwa zimelika mpaka nyama, zikapona, zikalika tena, sugu juu ya sugu. Begani palikuwa na sugu nene kama ya maksai wa kulimia. Adinani alikufa saa nne na nusu. Saa tano na robo alikuwa ameshafikishwa mochwari, viatu vyake miguuni, kamba zimefungwa.

"Ulikuwepo," Amne alinong'ona. "Hebu niambie. Alikwenda wapi?"

Akanishika kiganja, akanimwagia kilichokuwa ndani ya fundo. Alikitoa katikati ya vidole vya miguu ya marehemu. Ulikuwa mchanga. Si huu wetu mwekundu wa Tabora. Mweupe, laini, umelowa maji, na ndani yake gamba dogo la konokono wa baharini, dogo kuliko punje ya mtama.

Alipoondoka niliutia kwenye chupa, nikauficha juu ya kabati. Ni mwaka sasa. Nimeuanika juani mara nne, jua kali la mwezi wa kumi, kutwa nzima. Haukauki.